Maneno Yote ya Kurudi Nyuma

Mtu wa kwanza kunifundisha Kiingereza cha Texas hakuwa mwalimu, na Kiingereza chake chenyewe kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa mzee wa Kikongo aliyeishi chumba cha chini yangu pale Vickery Meadow, Dallas, kwenye yale majengo yaliyobanana ambako mtu akikaanga dagaa, ngazi nzima inajua. Jina lake ninalo, lakini hata majirani hawakulitumia. Tulimwita mzee wa rivasi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya malori. Lori refu likija ghalani kupakua mzigo, linaingia kinyumenyume mpaka lifike kwenye mlango wa kupakulia, na dereva aliye mbele huko haoni kitu. Lazima awepo mtu wa kumwongoza kwa mikono na sauti. Njoo, njoo, kata kidogo, simama. Kwetu Kigoma kazi hiyo ni ya utingo, kijana asiye na mke. Yeye aliifanya akiwa na mvi kichwa kizima, amevaa fulana ya njano inayong'aa, akitembea kinyumenyume zamu nzima bila kujikwaa. Akirudi nyumbani jioni magoti yanamuuma, anapanda ngazi kwa kushika ukuta, na bado akiona gari linawashwa kwenye maegesho anashuka tena.

Hilo ndilo lililowafanya watu wamseme. Hakuna gari lililoondoka pale jengoni mbele ya macho yake kabla hajalizunguka. Anakwenda nyuma, anainama, anatazama chini ya tairi, anapiga buti kwa kiganja, halafu anamwashiria dereva. Kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Ibada ikiisha watu wana njaa, watoto wanalia, na yeye anazunguka gari baada ya gari. Wajukuu wa watu wakimwambia, "Babu, it has a camera," anawajibu kwa Kiswahili kwamba kamera haijawahi kumvuta mtu kola. Siku moja alimzuia mchungaji mwenyewe, na mchungaji alikuwa anawahi msiba. Mchungaji akapiga honi. Mzee hakusogea mpaka alipomaliza kutazama, kisha akamwambia, "Sasa nenda. Marehemu hana haraka."

Nitasema mapema jambo ambalo pale Vickery Meadow lilisemwa kwa kunong'ona, kwa sababu bila hilo mtamwona kichekesho, na hakuwa kichekesho hata kidogo. Kwao Kongo alikuwa dereva wa lori. Alfajiri moja vita vilipofika kijijini kwao, watu walilivamia lori lake wakapanda na mafurushi yao, yeye akawasha, akarudi nyuma kutoka uani, na nyuma pale alikuwepo kitindamimba wake. Mtoto alifia papo hapo. Walimzika kando ya njia kwa haraka kama watu wanaoficha kitu, wakaendelea na safari mpaka ziwa, mpaka ng'ambo, mpaka kambini kwetu Kigoma, ambako walikaa miaka mpaka binti yao aliyebaki akawa mama. Haya nilisimuliwa na mama mmoja jirani siku tunakunja nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia. Mzee mwenyewe hakunisimulia. Hakumsimulia mtu yeyote, na hapo ndipo penye kidonda.

Kwao, baba akisababisha kifo cha mtoto wake bila kukusudia, hafungui mdomo. Wazee wa upande wake wanakwenda kwa wazee wa upande wa mke, mmoja wao anasema kwa niaba yake, anaomba radhi, mbuzi anachinjwa, watu wanakula, basi. Neno limefunikwa. Mwenye kosa anakaa pale kichwa chini, na kuanzia siku hiyo hana ruhusa ya kulitamka, kwa mkewe wala kwa nani, kwa sababu kulifukua ni kuita kifo kingine. Kambini hapakuwa na wazee wa ukoo wao, walikuwa wametawanyika. Wakatafutwa wazee wengine wa kushika nafasi zao, watu wazuri tu, wakayafanya yote kama inavyotakiwa. Yule mzee aliketi kichwa chini. Mkewe naye aliketi upande wa wanawake. Tangu hapo hawakuzungumza habari ya mtoto yule hata mara moja.

Walikuja Texas pamoja, ndege moja, chumba kimoja. Kila wiki lori la taka lilikuwa linaingia uani asubuhi, na likirudi nyuma linalia bip, bip, bip, jengo zima linasikia. Mkewe akawa anajifungia bafuni na kuacha maji yamwagike ili asisikie. Akavumilia, akavumilia. Kisha akahamia Houston, Sharpstown, kwa binti yao. Hawakugombana. Alifunga nguo zake, akamwachia mumewe maharage ya kuchemsha kwenye friji, akapanda basi. Huko Sharpstown malori ya taka yanalia vile vile, kwa hiyo mimi nilielewa kwamba haukuwa mlio peke yake. Mzee naye alielewa.

Alichokitaka mzee yule ni kimoja. Alitaka kumwambia mkewe kwa mdomo wake mwenyewe yaliyotokea alfajiri ile, kabla mmoja wao hajafa. Kila alichokifanya katika miaka niliyomjua kilikuwa kinazunguka hapo, hata mambo ambayo yalionekana ni ya uzee tu, kama ule ugonjwa wake wa maneno.

Maana alikuwa anakusanya maneno ya Kiingereza. Si maneno yote. Hakujali kujifunza majina ya mboga wala ya miezi, na mpaka naondoka Dallas alikuwa hajui kumwomba mtu chumvi. Alikusanya maneno ya kurudi nyuma tu. Akisikia jipya kazini, jioni anagonga mlango wangu, anaingia na viatu mkononi, anakaa kwenye kiti cha jikoni. Mimi wakati huo nilikuwa nasomea uuguzi, vitabu vimenilemea, na kwa kweli kuna siku nilizima taa ili adhani sipo.

"Dada, leo dereva mmoja amesema reverse, kumbe ndiyo ile rivasi yenu. Mimi nilikuwa najua back up. Ni kitu kimoja?"

"Ni kitu kimoja, mzee. Kurudi nyuma."

"Hapana. Mbili haziwezi kuwa moja. Wazungu hawatoi maneno bure."

Basi tunaanza kupembua kama wanawake wanaopembua mchele. Back up ndilo unalompigia dereva kelele. Reverse ni la gia, ndiyo ile herufi iliyoandikwa pale kwenye gia. Backward ni namna, ni mtu anavyotembea. Behind ni mahali, ni pale mtu alipo. Rear ni neno la watu wa bima na la vibandiko vya magari, hakuna anayelitumia nyumbani. Nilimwambia kuna return, akasema hilo analijua, ni la kurudisha shati dukani. Nikampa retreat, akauliza linatumika wapi, nikasema ni la askari wanaposhindwa. Mwaka huo huo kanisa likatangaza vijana na wazee wanakwenda retreat ziwani, kusali siku mbili. Mzee alikataa katakata. Alisema amekwisha kukimbia mara mbili katika maisha yake na hiyo ya tatu waende wenyewe.

Kliniki ilimchosha zaidi. Nesi anafungua mlango, anaita jina lako, anasema come on back. Mzee aliniuliza kwa hasira, arudi wapi wakati hajawahi kufika huko ndani? Nikamweleza kwamba Waamerika wanasema hivyo tu, maana yake karibu ndani. Akatikisa kichwa. Maneno hayo hayo ndiyo aliyowaambia madereva kutwa nzima, come on back, come on back, kwa sauti laini ambayo sikumsikia akiitumia kwa binadamu.

Na hilo ndilo la ajabu kwake. Kwa malori alikuwa mpole kama mkunga. Kwa watu alikuwa mkali. Kijana mmoja wa jengoni alirudisha gari kwa kasi, kuwaonyesha wenzake matairi yake mapya, na uani watoto walikuwa wanacheza. Mzee alimtoa garini kwa shati akamzaba kibao mbele ya watu. Wazazi wa kijana walitaka kuita polisi, na tulikaa nao siku nzima tukiwabembeleza. Mzee hakuomba radhi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, nami nilimletea maji akayashika tu.

Mwenyewe hakuendesha gari tena. Alikwenda kazini kwa treni na basi, anabadilisha mara mbili, mvua ikinyesha analoa. Lakini nusu ya Wakongo wa Vickery Meadow walijifunza kuendesha kwake, na mimi Mtanzania nikiwemo. Tulikwenda kwenye uwanja wa duka lililofungwa. Walimu wengine wanaanza na mbele. Yeye mbele hakuigusa kwa wiki kadhaa. Anakwenda kusimama nyuma ya gari, yeye mwenyewe na miguu yake, halafu anakuamuru urudi. Nilimwambia sitaki, nitamgonga. Akaja dirishani.

"Usiponiona, usisogee," alisema. "Ukiniona, usisogee vilevile, mpaka niseme."

Nililia siku ile, sioni haya kusema. Nilimwambia hakuna ninachojifunza pale zaidi ya woga. Akasema ndicho alichokuja kunifundisha.

Nilimpenda yule mzee na alinikera, yote kwa pamoja. Kilichonikera kuliko vyote ni ule ukimya. Jioni moja nilichoka na maneno yake, nikamwambia wazi: mzee, nyuma unazojua sasa zinatosha, mpigie mkeo simu. Akaweka kikombe chini. Ndiyo siku pekee aliyonieleza kwa nini hasemi.

"Nikilisema kwa lugha yetu, nimelifukua," alisema. "Nikilisema kwa Kiswahili, nimelifukua, maana wazee walilifunika kwa Kiswahili. Lakini Kizungu hakikuwepo siku ile. Hawakukifunika."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alikuwa amelifikiria jambo hilo miaka, kama wakili. Alikuwa anatafuta lile neno la Kiingereza litakaloingia kwenye midomo yake bila kuvunja kitu, na mengine yote yalikuwa ya kujaribia tu.

"Lakini mama hajui Kizungu," nikamwambia.

"Atajifunza. Wajukuu wanamsemesha Kizungu asubuhi mpaka jioni. Nitangoja."

Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Nilimpa maneno. Nilimwambia kuna rewind, la kanda za zamani, unaibonyeza na wimbo unarudi mwanzo. Hilo lilimpendeza mno. Alilirudia rudia, akaniuliza kama linatumika kwa gari. Nikasema kwa gari halitumiki. Akaosha kikombe chake, akashuka kwake.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi Houston, hospitali moja katika eneo lenye mahospitali mengi, nikapanga chumba Pearland, nje kidogo ya jiji. Jumapili nikawa naendesha mpaka Sharpstown kumsalimia mkewe. Mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono isiyotulia. Ukimkuta anachambua mchicha, anashona, anasuka mjukuu. Wajukuu kweli walimsemesha Kiingereza na yeye kweli aliwajibu Kiswahili, na hakuna upande uliosogea hata kidogo. Kuhusu mumewe aliniuliza swali moja tu, kila nilipokwenda.

"Bado anasimama nyuma ya magari?"

"Bado, mama."

"Haya," anasema, anaendelea na mikono yake.

Kisha akaugua. Saratani ya kongosho, na wanaofanya kazi yangu wanajua hiyo haina mazungumzo marefu. Madaktari walijaribu kidogo wakaacha. Akarudishwa nyumbani akae kwenye kiti chake karibu na dirisha, na dawa ya maumivu. Nilimpigia mzee simu mimi mwenyewe, maana binti yao alishindwa. Nilimwambia usingoje tena. Akaniuliza kama mkewe amejifunza Kizungu. Nikakata simu kwa hasira, nikampigia tena, nikamwambia panda basi.

Nilimpokea kituoni mchana. Amevaa suti ya kanisani iliyompwaya, na begi la plastiki lenye ndizi. Njiani midomo ilikuwa inacheza, anajisomea Kiingereza chake. Tulipofika, binti yao alimkumbatia kisha akaenda jikoni kuchemsha chai, kama tunavyofanya sote tusipojua la kufanya.

Mkewe alikuwa kitini, blanketi mpaka kifuani. Amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa. Mzee alisimama mbele yake. Walisalimiana kwa lugha yao, maneno machache ambayo sikuyaelewa. Halafu akaiweka mikono yake pembeni mwa suti, akaanza kwa Kiingereza.

"I was in the truck," alisema. "He was behind. I back up. I did not look."

Alikuwa ameyachagua yaliyo mepesi kuliko yote. Mkewe alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Anasema nini huyu?"

Nilimtazama mzee. Aliinamisha kichwa, ikawa kama ananipa ruhusa. Nikaanza. "Mama, anasema kwamba siku ile yeye alikuwa ndani ya lori..."

"Wewe nyamaza." Hakupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza. "Kambini walisema wazee. Leo unasema wewe. Yeye hana mdomo?"

Mzee alisema kwa Kiswahili, taratibu, kwamba hana ruhusa, kwamba neno lilifunikwa, kwamba likifukuliwa litaita kifo kingine.

"Kifo gani unachokiogopa?" mkewe akamuuliza. "Mimi hapa nimekaa nacho. Sema."

Sijawahi kuona mtu anapata taabu vile kutoa maneno mepesi. Alishika ukingo wa meza. Akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Akasema mtoto alikuwa nyuma. Akasema alirudisha gari, na hakuangalia. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuwa amelitayarisha kwa Kiingereza, naona, kwa sababu lilimtoka vibaya.

"Nilisikia watu wanapiga kelele. Nikafikiri wanalilia vita. Nikazidi kurudi."

Mkewe alifumba macho. Nilidhani ni maumivu, nikainuka kutafuta dawa. Akanizuia kwa kidole.

"Alikuwa mkononi mwangu," alisema. "Nilimwachia nipandishe sufuria. Nilipogeuka hayupo." Alipumua kwanza. "Ulipokaa kimya pale kambini nikasema, anajua. Miaka yote hii nikasema, huyu mwanaume ananinyamazia kwa sababu anajua mimi ndiye nilimwachia. Nikaona aibu kula meza moja na wewe."

Mzee alikaa chini, sakafuni, na suti yake. Alikaa kama mtoto.

"Sikujua," alisema. "Wazee hawakuniambia."

"Wazee hawakuniuliza."

Mkewe alishusha mkono kutoka chini ya blanketi, ukafika begani kwake, akauacha pale. Uhai uliombakia mama yule haukufika wiki mbili. Siku ile nilipogeuka nilimwona binti yao mlangoni, ameshika sinia la chai, amesikia yote. Alikuwepo alfajiri ile, msichana mdogo juu ya mafurushi, na tangu siku hiyo hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia mdogo wake alikufa vipi.